Namna ya kuandika historia ya mtaa wa wasanii ulioko mlimani: tunachoweza kuchukua Montmartre tukiwa Kigoma

Mara ya kwanza nilipojaribu kuandika habari za mtaa wetu, huku juu Mwanga, nilijaza kurasa nne za majina. Fulani alichora, fulani aliimba taarabu, fulani alipiga gitaa kisha akahamia Dar. Nikaenda kumsomea mzee mmoja jirani yangu ambaye ameishi kwenye mteremko huu tangu barabara ikiwa ya vumbi. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa na kikombe chake cha kahawa mkononi, halafu akauliza, "Sasa mwanangu, hao wote walikuwa wanalala wapi? Na kodi walimlipa nani?"

Sikuwa na jibu. Zile kurasa nne nikazikunja nikaziweka mfukoni.

Swali lake ndilo lililonipeleka kusoma habari za Montmartre, kilima cha kaskazini mwa Paris ambacho huenda ndicho mtaa wa wasanii uliosimuliwa kuliko wote duniani. Nilitegemea kukuta habari za mchoraji Picasso tangu ukurasa wa kwanza. Nikakuta ushuru wa mvinyo, machimbo ya jasi, bomba moja la maji kwa jengo zima, na binti wa mfua nguo aliyejifunza kuchora kwa kuwatazama waliokuwa wakimchora yeye. Yale majina makubwa yanakuja baadaye, na yanapokuja unayaelewa.

Mwongozo huu ni kwa kijana au mtu mzima wa Kigoma anayetaka kuandika habari za mtaa wake wa kilimani, uwe Mwanga, Gungu au kwingine. Nimeupanga kwa hatua, lakini hatua ya tatu ndiyo roho ya kazi yote. Ukikosa muda wa mengine, usiiruke hiyo.

Hatua ya kwanza: panda kwa miguu

Usianze na bodaboda, wala usianze na simu. Anza pale stesheni ya reli, lile jengo la Wajerumani linalotazama ziwa, upande kuja juu kwa miguu chini ya miembe. Chagua mwezi wa Juni au Julai kama unaweza, mvua zikiwa zimekata. Toka asubuhi mapema, saa 12 na nusu hivi, kabla jua halijawa kali. Beba daftari la kawaida na kalamu mbili.

Andika vitu ambavyo mwili wako umekwambia. Ni wapi ulisimama kupumua? Wapi ulianza kuliona ziwa, na wapi nyumba zimelificha? Upepo unaanzia kona ipi? Maji ya mvua yamechimba mfereji upande gani wa njia? Watu wamejenga kwa kufuata mambo haya, hata kama wao wenyewe hawayasemi.

Montmartre ina urefu wa mita kama 130 tu kutoka usawa wa bahari. Kwetu sisi huo si mlima, maana maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yako juu ya mita 770. Lakini mji wa Paris umelala tambarare, na kilima hicho kikasimama juu yake kama mtu mrefu kwenye foleni. Ngazi za mtaa wa Foyatier zina vidato zaidi ya 200, na hadi mwaka 1900, lilipofunguliwa behewa la kupandisha watu kwenye reli ya mteremko, watu walipanda kwa miguu yao. Kupanda kulichosha. Kwa hiyo mwenye pesa alikaa chini, na asiye nazo akapanda juu. Ukishalijua hilo, nusu ya historia ya kilima kile umeipata.

Ukiwa bado njiani, tazama na ardhi. Udongo wa Montmartre ulikuwa na jasi, ile inayotengenezwa plasta nyeupe. Ilichimbwa kwa karne nyingi, na mikokoteni iliyoishusha mjini iliacha vumbi jeupe njiani. Uwanja mmoja chini ya kilima mpaka leo unaitwa Place Blanche, yaani Uwanja Mweupe. Walipotaka kujenga kanisa kubwa la Sacré-Cœur juu ya kilima hicho kilichotobolewa, iliwabidi kwanza wachimbe visima 83 vyenye kina cha zaidi ya mita 30 na kuvijaza mawe, ndipo msingi ukapata pa kushika. Jina la uwanja, shida ya msingi na kazi ya wachimbaji ni habari moja.

Kwenu udongo ulitoa nini? Kama kuna shimo kubwa nyuma ya nyumba za watu, uliza lilichimbwa nini. Kama ni matofali, uliza yalijenga majengo gani, na kama unaweza nenda ukayaone.

Hatua ya pili: tafuta mpaka

Kila mtaa ulikuwa nje ya kitu fulani kabla ya kuwa ndani yake. Tafuta hicho kitu.

Kwa Montmartre kilikuwa ukuta. Katika miaka ya 1780 Paris ilizungushiwa ukuta wa kukusanyia ushuru, na kila pipa la mvinyo lililoingia mjini lilitozwa langoni. Montmartre ilikuwa kijiji nje ya ukuta huo. Mvinyo uleule uliuzwa nafuu mita chache tu baada ya lango, basi siku za mapumziko vibarua na mafundi wa mjini walipanda kunywa na kucheza huko. Wasaga nafaka wa vile vinu vya upepo vya juu ya kilima wakaiona fursa. Kimoja kati ya vinu hivyo, kinachojulikana kama Moulin de la Galette kwa sababu ya mkate bapa uliouzwa pale, kiligeuka kuwa ukumbi wa dansi. Hapo ndipo mchoraji Renoir alipochora ile picha yake maarufu ya dansi mwaka 1876, na ili awe karibu alipanga chumba mtaa wa Cortot, hatua chache tu kutoka kinuni. Tarehe 1 Januari 1860 Montmartre ilikuwa imekwisha kuingizwa rasmi Paris na lango la ushuru likasogezwa mbele. Lakini kumbi, vilabu na mazoea ya watu hayakuhama.

Sasa rudi nyumbani. Ujiji ni mji mkongwe wa misafara; wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliukuta una soko lake na biashara yake. Mji wa Kigoma wenyewe ulikua kwa ajili ya bandari na reli. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika kwenye ghuba ya Kigoma mwaka 1914. Katikati ya miji hiyo miwili, juu, iko Mwanga. Ukisimama sokoni Mwanga unaona wazi kwamba ni mahali pa watu kupitia na kukutania: mwenye samaki anatoka chini, mwenye mihogo anatoka vijijini, na anayekwenda Ujiji anashukia hapo.

Kwa hiyo maswali ya hatua hii ni haya. Zamani daladala ziliishia wapi? Umeme uliishia nguzo ya ngapi? Kizuizi cha ushuru wa mazao kilikaa wapi? Watu wa mtaani wakisema "naenda mjini" wanaelekeza mkono upande gani? Swali hilo la mwisho limenisaidia kuliko ramani. Wapo wazee ambao ukiwauliza mjini ni wapi wanakuonyesha Ujiji, na vijana wanakuonyesha stesheni. Yaandike majibu yote mawili na umri wa aliyekujibu.

Hatua ya tatu: uliza kodi ya chumba

Hapa ndipo yule mzee alipotaka nifike.

Kwenye uwanja mdogo wa mteremkoni Montmartre palikuwa na jengo la mbao lililochakaa, lililowahi kuwa kiwanda na kisha kukatwakatwa vyumba vya kupangisha. Ukilitazama kutoka uwanjani ni kama nyumba ya chini tu. Ukizunguka nyuma, ambako kilima kinashuka, unakuta lina ghorofa kadhaa kwenda chini. Sisi tunaoishi kwenye miteremko hatuhitaji kuelezwa nyumba ya namna hiyo ikoje. Wapangaji waliliita Bateau-Lavoir, yaani mashua ya kufulia, kwa kuwa liliwakumbusha zile mashua za madobi kwenye mto Seine. Anayetajwa kulipa jina hilo ni mshairi Max Jacob. Lilikuwa na bomba moja la maji kwa wapangaji wote. Kiangazi lilikuwa tanuri, na kipupwe baridi ilipita kwenye mianya ya mbao.

Picasso alihamia humo mwaka 1904, kijana wa Kihispania wa miaka 22, na humo ndimo mwaka 1907 alimochora ile picha ya wanawake watano iitwayo Les Demoiselles d'Avignon, iliyobadilisha uchoraji wa karne nzima. Mwaka 1909, alipoanza kupata pesa, akahama kwenda kwenye nyumba nzuri zaidi chini ya kilima. Naamini hesabu hiyo inatufundisha zaidi kuliko masimulizi ya kipaji chake. Kilichomleta pale kilikuwa chumba cha bei ya chini kilichokuwa na nafasi ya kusimamisha turubai, na majirani waliokuwa macho usiku kama yeye. Jengo lenyewe liliungua mwaka 1970, likajengwa upya.

Kwa hiyo unapokaa na mtu wa mtaa wako, usimuulize kwanza, "Ni wasanii gani waliishi hapa?" Atakutajia wawili anaowajua kila mtu. Uliza hivi: Nani alikuwa na vyumba vya kupangisha? Chumba kilikuwa cha tope au cha tofali? Choo kilikuwa cha nyumba ngapi? Maji mlichota wapi, na foleni ilianza saa ngapi? Mwenye nyumba alikuwa anavumilia kelele za ngoma na gitaa? Mpangaji akikosa kodi alifanywaje?

Na kodi usiiandike kwa shilingi peke yake, maana shilingi ya mwaka 1980 haina maana kwa msomaji wa leo. Uliza chumba cha mwezi kilikuwa sawa na nini. Sawa na debe la mawese? Sawa na sado ngapi za dagaa wa Kibirizi? Mama mmoja aliniambia kodi yake ya kwanza ilikuwa "kitenge kimoja kizuri na chenji kidogo." Sentensi hiyo nimeiandika kama alivyoisema na sitaigusa.

Ukishapata majibu ya watu watano au sita kuhusu vyumba, utashangaa majina yanavyokuja yenyewe. Mtu anayekueleza choo cha nyumba tatu atakwambia na nani alikuwa anaimba humo asubuhi.

Hatua ya nne: wasikilize waliokuwa wanafanya kazi

Hili linahitaji adabu kabla ya ufundi. Kwanza pita kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na barua fupi inayosema wewe ni nani na unaandika nini. Halafu ndipo uende nyumba kwa nyumba. Usiende jioni wakati wa kupika. Mama anayeuza samaki asubuhi hana nafasi mpaka saa nane mchana. Fundi cherehani mfuate katikati ya wiki, si kuelekea sikukuu. Beba kilo ya sukari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ndani."

"Nimeshakaribia. Habari za tangu jana?"

"Njema. Hawajambo huko kwenu?"

Usikatishe salamu hizi kwa sababu una maswali. Kaa. Simu ya kurekodi itoe baada ya kuomba ruhusa, na akisema hapana, iache mfukoni.

Na uwatafute hasa wanawake. Nakueleza kwa nini kwa kukupa habari za Suzanne Valadon. Alizaliwa mwaka 1865, mama yake akiwa mwanamke maskini aliyeishi kwa kufua na kusafisha nyumba za watu, nao wakaja kuishi Montmartre. Akiwa binti mdogo alifanya sarakasi hadi alipoanguka na kuumia. Baada ya hapo akawa anakaa mbele ya wachoraji ili wamchore: Renoir alimchora, Toulouse-Lautrec alimchora. Saa zote hizo alizokaa kimya alikuwa anatazama mikono yao. Akaanza kuchora mwenyewe. Mchoraji mwingine mwenye jina, Degas, alipoona michoro yake akainunua na kumtia moyo. Mwaka 1894 kazi zake zilipokelewa kwenye maonyesho ya Société Nationale des Beaux-Arts, chama cha wasanii wa Ufaransa. Mwanawe, Maurice Utrillo, aliyezaliwa mwaka 1883, akawa mchoraji wa vichochoro vyeupe vya kilima hicho. Nyumba waliyoishi mtaa wa Cortot, ileile aliyowahi kupanga Renoir, leo ni sehemu ya makumbusho ya Montmartre.

Mtu angeandika historia ya kilima kile mwaka 1885 kwa kuwahoji waliokuwa na majina, Valadon angekuwa "yule msichana kwenye picha."

Basi kwenye mtaa wako, nani amekaa kimya anatazama? Msusi wa saluni anayejua mitindo yote tangu mwaka gani. Fundi wa kudarizi vitambaa vya makochi. Mama anayesuka mikeka ya ukindu na kujua rangi ipi inatoka kwenye mti gani. Kule Kibirizi, waulize wanaopaka rangi boti na kuandika majina na maneno ubavuni. Wengi wao hawatakubali ukiwaita wasanii. Waite kwa jina la kazi yao, waulize walifundishwa na nani, na aliyewafundisha alifundishwa na nani. Ukifika kizazi cha tatu tayari una historia ya sanaa.

Hatua ya tano: mabango

Hatua hii niliiongeza baadaye, na sasa ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Piga picha kila bango la kuchorwa kwa mkono lililobaki mtaani: kinyozi, duka la dawa, gereji, mama lishe, msikiti, kanisa, ukumbi. Yanapotea haraka, kila mwenye biashara sasa anataka bango la kuchapisha kwenye turubai ya plastiki. Pembeni ya picha andika mwaka kama unajulikana, mchoraji, na rangi zilinunuliwa wapi. Angalia kwenye kona ya chini ya bango, mara nyingi fundi ameweka jina lake la kazi hapo.

Kuna kilabu kimoja Montmartre ambacho mnamo miaka ya 1870 kilichorewa bango na mchoraji wa vibonzo aitwaye André Gill: sungura anaruka kutoka kwenye sufuria na chupa ya mvinyo mkononi. Watu wakawa wanasema Lapin à Gill, sungura wa Gill. Kwa kutamkwa haraka likawa Lapin Agile, yaani sungura mwepesi, na hilo ndilo jina la kilabu mpaka leo. Bango la fundi mmoja lilikipa kilabu jina kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1891 Toulouse-Lautrec naye alichora tangazo la ukumbi wa Moulin Rouge, uliokuwa umefunguliwa mwaka 1889, likabandikwa kwenye kuta za mji mzima. Na kwa karatasi hiyo ya ukutani ndipo watu wa kawaida walipomjua.

Wapo wanaosema bango la kinyozi si sanaa. Sikubaliani nao hata kidogo. Yule fundi anayepata uso wa mtu na nywele zake kwa makopo matatu ya rangi amefanya kazi inayotakiwa kuhifadhiwa.

Hatua ya sita: pima masimulizi

Kila kilima kina hadithi zake. Kazi yako si kuzifuta, ni kumwambia msomaji ipi ina ushahidi na ipi ni ya kusimuliwa. Na uwe mwangalifu, kwa sababu masikio hudanganya pande zote mbili.

Nichukue mbili za Montmartre. Kwenye uwanja wa Place du Tertre kuna kibao kinachosema kwamba neno bistro, mgahawa mdogo, lilizaliwa pale mwaka 1814, askari wa Kirusi walipokuwa wakiharakisha kinywaji kwa kusema neno lao la "haraka". Inaingia akilini, na imewekwa kwenye kibao. Lakini neno lenyewe halionekani katika maandishi ya Kifaransa hadi miaka ya 1880. Kwa upande mwingine kuna kisa cha punda. Mwaka 1910 mwandishi Roland Dorgelès na rafiki zake walimfunga brashi mkiani punda wa mwenye kilabu cha Lapin Agile, wakampa karoti ili achezeshe mkia, na turubai iliyopatikana wakaipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Paris kwa jina la mchoraji asiyekuwepo, Boronali. Ukiambiwa hivyo utasema huo ni uongo wa kijiweni. Kumbe walimwita ofisa wa mahakama akashuhudia na kuandika kila kitu. Kile cha kibao ndicho kisicho na ushahidi, na hiki cha kijiweni ndicho chenye hati.

Hata jina la kilima lina maelezo mawili. Moja ni mlima wa wafia dini, kwa kumbukumbu ya Mtakatifu Denis, askofu wa Paris aliyekatwa kichwa katika karne ya tatu, na ambaye hadithi inasema alikibeba kichwa chake mikononi akatembea. La pili ni mlima wa Mars, mungu wa vita wa Warumi. Waandishi wazuri hutoa yote mawili.

Sisi tuna somo letu Ujiji. Kila mtoto wa hapa anajua Stanley alimkuta Livingstone chini ya mwembe mwaka 1871. Stanley aliandika tarehe 10 Novemba. Daftari la Livingstone, aliyekuwa amepoteza hesabu ya siku kwa ugonjwa na safari, linaonyesha siku nyingine. Mwembe wenyewe ulikwisha kufa, na inayoonyeshwa leo husimuliwa kuwa ni vizazi vyake. Ukiandika hivyo hujaivunjia Ujiji heshima. Au chukua meli ya Liemba: iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande kwa meli na reli, ikashushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Habari hii inashangaza kama ya punda, na ina hati kila hatua.

Weka alama tatu tu kwenye daftari lako: H kwa chenye hati, M kwa alichokiona mwenyewe msimulizi, na S kwa alichosimuliwa. Usitunge alama nyingine, utachanganyikiwa.

Hatua ya saba: usiruke yanayouma

Kilima kile kinachouzwa kwenye kadi za posta kilimwaga damu. Alfajiri ya tarehe 18 Machi 1871 askari wa serikali walipanda Montmartre kuchukua mizinga iliyokuwa mikononi mwa walinzi wa mji. Farasi wa kuivuta walichelewa, kukapambazuka, wanawake na wanaume wa mtaa wakawazunguka, na askari wakakataa kuwafyatulia. Siku hiyo majenerali wawili waliuawa hapo mlimani, na ndivyo ilivyoanza Komuni ya Paris, yaani utawala wa wananchi wa mji walioiasi serikali. Mwishoni mwa Mei ilizimwa kwa mauaji ya maelfu ya watu. Miaka minne baadaye, mwaka 1875, kanisa la Sacré-Cœur lilianza kujengwa juu ya kilima hichohicho, na kwa familia nyingi za wafanyakazi lilikuwa kidonda. Mwalimu Louise Michel, aliyefundisha watoto wa Montmartre na kupigana upande wa Komuni, alifukuzwa hadi New Caledonia, koloni la Ufaransa kwenye Bahari ya Pasifiki. Tangu mwaka 2004 bustani iliyo miguuni mwa kanisa hilo ina jina lake.

Mwaka uleule wa 1871 Ujiji ilikuwa kituo cha misafara ya pembe na ya watu waliouzwa. Kwenye mitaa yetu wamo wajukuu wa waliochukuliwa na wajukuu wa waliochukua, wameoana, wanaswali pamoja. Usimlazimishe mtu kusema babu yake alikuja vipi. Akisema, msomee tena ulichoandika kabla hujakitoa nje, na akiomba jina liondoke, liondoe.

Hatua ya nane: waandike waliokuja, na waliokwenda

Watazame wachoraji wa Montmartre: Picasso Mhispania, Modigliani Mwitaliano, Van Gogh Mholanzi aliyekaa na mdogo wake mtaa wa Lepic kati ya mwaka 1886 na 1888. Na hili wengi hawalijui: katika miaka ya 1920 vilabu vya chini ya kilima vilijaa muziki wa jazi wa Wamarekani weusi waliobaki au kuja Ufaransa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mshairi Langston Hughes alikuwa jikoni anaosha vyombo kwenye kilabu cha Grand Duc mwaka 1924, na mwimbaji Bricktop alianza kuimba Paris hapo. Leo hii ukishuka upande wa mashariki unaingia Château Rouge, kwenye soko la vyakula vya Kiafrika.

Bila wageni hao kilima kile kingebaki na mizabibu na vinu. Kwetu ni hivyohivyo: Waha, Wamanyema, Wabembe, watu wa Burundi, watu wa ng'ambo ya ziwa na magitaa yao na vitenge vyao, Waarabu wa Ujiji. Kwa kila ukoo unaouhoji, andika walikuja kwa boti, kwa reli au kwa miguu, na walikuja na wimbo gani. Ndiyo, waombe wauimbe.

Kisha andika kuondoka. Wasanii wa Paris walivutwa kwenda Montparnasse, ng'ambo ya mto, kadiri watalii na kodi vilivyopanda juu ya kilima. Vibanda vya maskini upande wa kaskazini vilivunjwa mwanzoni mwa karne ya 20 kupisha barabara ya Junot yenye nyumba za gharama. Sisi vijana wetu hupanda treni kwenda Dar es Salaam, na mwaka 2012 wanamuziki wao walipojikusanya kwa jina la Kigoma All Stars tuliona jinsi walivyo wengi. Waliobaki hawajashindwa. Wahoji nao, na waulize kwa nini walibaki.

Andika pia nini watu waliweza kukizuia. Kipande cha ardhi pale Montmartre kilikuwa kijengwe nyumba. Majirani, mchoraji Poulbot akiwa mbele, walipigania kisiguswe, na mwaka 1933 kikapandwa mizabibu. Kila Oktoba huvuna na kusherehekea. Je, mtaani kwenu upo mwembe ambao mtu alikataa usikatwe? Jina lake ni nani?

Hatua ya mwisho: soma kwa sauti kabla ya kuchapa

Ukiwa na kurasa 20 hadi 30, nenda kijiwe cha kahawa baada ya swala ya alasiri, uombe dakika 20, uwasomee. Watakukatiza, hilo ndilo unalolitaka. Rekebisha, kisha rudia kwa kina mama siku ya kikundi chao cha kuweka na kukopa. Baada ya hapo ndipo upeleke stationari, utoe nakala 10, ubane kwa pini. Moja kwa mwenyekiti wa mtaa, moja shule ya msingi iliyo karibu, moja maktaba, na zinazobaki kwa waliokuhoji wewe zaidi ya ulivyowahoji.

Mwishoni mwa kila nakala acha kurasa tano tupu na kalamu imefungwa kwa uzi. Yangu niliyoiacha kwenye benchi la kahawa ilirudi baada ya wiki mbili. Yule mzee alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa shule ya zamani, mstari mmoja tu: "Chumba cha kona nilikijenga mimi, na huyo mpiga gitaa ana deni langu la miezi mitatu."